Atemisia: Kabla ya kuhesabu magunia, uliza mbegu

Mkulima wa mahindi hupima mavuno yake kwa magunia, na mnunuzi humlipa kwa magunia. Kwa mazao ya dawa kipimo hicho hakitoshi. Kiwanda hakihitaji jani lenyewe bali dawa iliyomo ndani yake, na shamba lililostawi vizuri linaweza kutoa majani yenye dawa kidogo mno.

Mfano mzuri ni atemisia, mmea wa jamii ya pakanga wenye asili ya China, ambao wakulima wa Kenya, Tanzania na Uganda waliulima kwa mkataba katika miaka ya 2000. Majani yake hutoa atemisinini, kiini cha dawa mseto za malaria. Ugunduzi wa kiini hicho mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulimpatia mtafiti wa China, Tu Youyou, Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Tupige hesabu. Tani moja ya majani makavu yenye atemisinini asilimia 1 ina kilo 10 za dawa. Tani nyingine yenye asilimia 0.5 ina kilo 5 tu. Palizi, usafiri na gharama za kukamua dawa hiyo kiwandani ni zile zile kwa tani zote mbili, lakini thamani ya moja ni nusu ya nyingine.

Tofauti hiyo hutoka wapi? Udongo na hali ya hewa vina mchango wake, lakini msingi umo katika vinasaba vya mmea. Atemisinini hutengenezwa ndani ya tezi ndogo sana zilizo juu ya majani na maua. Huko jeni kadhaa hufanya kazi kwa zamu, kila moja ikitoa kimeng'enya cha hatua yake, mithili ya wafanyakazi waliopangwa katika mstari kiwandani. Hatua ya mwisho haihitaji kimeng'enya, kwani hukamilishwa na mwanga na hewa.

Malighafi inayoanzia safari hiyo hutumiwa pia na mmea kutengeneza vitu vingine. Kwa hiyo kuna njia panda. Katika atemisia yenye dawa nyingi, jeni moja muhimu huwashwa kwa nguvu na kuielekeza malighafi upande wa atemisinini. Katika atemisia yenye dawa kidogo, jeni hiyo hiyo ipo, lakini swichi yake ni dhaifu, na malighafi huishia katika kitu kingine ambacho kiwanda hakilipii. Kwa macho huwezi kuitofautisha mimea hiyo miwili.

Hivyo basi, usitunze mbegu za chotara kwa ajili ya msimu ujao. Mbegu chotara huunganisha sifa za wazazi wawili waliochaguliwa. Watoto wake hugawana sifa hizo ovyo, na shamba la mwaka wa pili huchanganya mimea yenye dawa nyingi na yenye dawa kidogo.

Suala la pili ni maua. Atemisia huchanua siku zinapokuwa fupi. Kwetu karibu na Ikweta mchana huwa wa saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo mbegu isiyofaa huchanua mapema ikiwa bado ndogo. Tafuta mbegu inayochelewa kuchanua, na uvune kabla maua hayajafunguka, wakati dawa imefikia kilele. Tenga majani na mashina, kwani mashina huongeza uzito bila kuongeza dawa.

Aidha, elimu hii ya jeni ina pande mbili. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walichapisha ramani ya vinasaba vya atemisia ili kuharakisha upatikanaji wa mbegu bora. Lakini wengine walizichukua jeni hizo na kuziweka katika hamira, na mwaka 2013 kampuni ya Sanofi ikaanza kutengeneza atemisinini kwa njia hiyo. Hamira haikuliua zao la shambani, kwa kuwa majani yaliendelea kuwa nafuu. Hata hivyo, bei ya zao hili huyumba sana. Mwaka 2005 kilo ya atemisinini ilifikia takriban Dola 1,100 za Marekani, na kufikia mwaka 2007 ilikuwa imeshuka hadi karibu Dola 200.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kusaini mkataba wowote wa zao la dawa, uliza maswali manne. Mbegu inatoka wapi na ni ya aina gani? Malipo ni kwa uzito au kwa kiwango cha dawa? Nani anapima kiwango hicho, na mkulima ataoneshwa majibu? Bei ikianguka, nani atabeba hasara?

Wafanyabiashara nao wasishawishike kuuza majani haya kama chai ya kutibu malaria. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema haliungi mkono matumizi hayo, na sababu mojawapo ni hii tuliyoieleza: kiwango cha dawa hutofautiana mno kati ya jani na jani.

Anayetaka kujaribu aanze na eneo dogo, na asiache kulima chakula.