Mtunza Bustani na Tanuri la Saruji

Mintarafu ya tijara ya saruji, ambayo haina budi kuitoboa ardhi ili iishi, watu aghalabu hudhani kwamba kiwanda hakijali mazingira ila kwa kulazimishwa na sheria. Lakini aliyepata kutembea katika machimbo ya kale ya Bamburi, kaskazini ya Mombasa, hushuhudia kuwa tajriba ya msimamizi mmoja yaweza kuitangulia sheria kwa miaka mingi.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na mwaka 1959 kikamwajiri Mswisi René Haller, bingwa wa kilimo. Alipoanza kuyapanda miti machimbo yaliyokwisha kazi, mwaka 1971, hapakuwa na udongo hata wa kujaza kiganja, ila jiwe la matumbawe lililowaka jua, na maji ya chumvichumvi chini yake. Katika aina 26 za miti alizojaribu, 3 tu zikasimama, zikiwamo mvinje na mnazi. Na mvinje nao ukaleta shida yake, maana majani yake membamba mfano wa sindano yalianguka yakalala pale pale, hayaozi. Mtu wa daftari angeita wafagizi. Haller, aliyezoea kupiga magoti juu ya ardhi, alimwona jongoo mweusi mwenye miguu myekundu akiyatafuna majani yale bila haraka, akawaleta wenziwe kwa mamia. Kinyesi chao kikawa udongo, udongo ukazaa msitu, na msitu ukaleta boriti, samaki wa kufugwa na, tangu 1984, wageni walipao kiingilio. Wakurugenzi nao wapewe haki yao, kwa kuwa walikubali kungoja.

Hata hivyo tusighurike. Tajriba ya bustani ilitibu shimo, haikutibu tanuri; na zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya saruji haitoki katika makaa, bali katika jiwe lenyewe la chokaa linapounguzwa, hata kubadili nishati, iwe makapi ya mpunga au ya kahawa, hakulimalizi jambo. Dawa iliyo karibu ni kupunguza klinka, yaani kile kitokacho tanurini kabla ya kusagwa kuwa saruji, na kuchanganya pozolana, mawe na majivu ya volkano ambayo Bonde la Ufa linayo, na aijuaye siri hiyo ni mtu aliyekulia mbele ya tanuri, si kitaluni. Ajabu ni kwamba dawa hiyo imo sokoni zamani: fundi wa Kongowea, mjini Mombasa, achaguaye mfuko wa daraja la nguvu la 32.5 kwa lipu, akauweka ule wa 42.5 kwa nguzo na slabu, mara nyingi huwa amechukua saruji yenye pozolana, wala mwuzaji hajamtajia sifa yake yoyote isipokuwa bei.