Kura na Viti: Hesabu za Uchaguzi wa Mwaka 2024

Mwaka wa 2024 ulishuhudia chaguzi nyingi duniani. Kuanzia Indonesia hadi Meksiko, Senegal hadi Marekani, mamilioni ya raia walipiga foleni vituoni, na magazeti yakatangaza kwamba chama fulani kimeshinda na kingine kimebwagwa. Vitenzi hivyo viwili huficha jambo la msingi, yaani namna kura zinavyogeuzwa kuwa viti bungeni.

Afrika Kusini na Botswana ni majirani. Afrika Kusini hufuata uwakilishi wa uwiano, ambapo kila chama hupewa viti kulingana na fungu lake la kura. Chama cha ANC, kilichotawala tangu 1994, kilipata asilimia 40.18 ya kura mwezi wa Mei, kikapewa viti 159 kati ya 400. Kilipoteza udhibiti wa bunge, lakini hakikufutika. Mwezi uliofuata kiliunda serikali pamoja na wapinzani wake wa miaka mingi, DA, naye Cyril Ramaphosa akabaki rais.

Huko Botswana mambo yalikuwa mengine. Chama cha BDP kilikuwa kimetawala tangu uhuru mwaka wa 1966. Mnamo Oktoba 30 kilipata takriban asilimia 30 ya kura, kikawa cha pili nchini. Hata hivyo, kati ya maeneo bunge 61 kilitwaa 4 pekee. Muungano wa UDC wake Duma Boko ulipata viti 36 kwa asilimia 37 hivi ya kura, na BCP, kilichokuwa nyuma ya BDP kwa kura, kikapata 15. Katika mfumo huu anayetangulia katika eneo bunge huchukua kiti, hata kama hakufikisha nusu. Kura za wengine haziendi popote. Chama chenye wafuasi waliotawanyika kila pembe kinaweza kuwa cha pili hapa na pale, kisha kikarudi mikono mitupu.

India na Uingereza hutumia mfumo uo huo. Fungu la kura la BJP lilipungua kwa chini ya asilimia moja likilinganishwa na la 2019, lakini viti vyake vikashuka kutoka 303 hadi 240, sababu mojawapo ikiwa kwamba vyama vingi vya upinzani viliungana. Uingereza nayo, chama cha Labour kilijizolea viti 411 kati ya 650 kwa asilimia 33.7 ya kura. Reform UK kilipata asilimia 14.3 na viti 5. Liberal Democrats, asilimia 12.2 na viti 72!

Hapa Kiswahili chenyewe hutatiza. Neno "wingi" hutumiwa kwa aliyewazidi wenzake na pia kwa aliyevuka nusu ya kura zote. Labour kilikuwa na wingi wa kwanza katika kura na wa pili katika viti. Mwandishi asiyetenganisha hayo atadai kwamba Waingereza wengi walikichagua, ilhali karibu thuluthi mbili yao walichagua vyama vingine. Katiba ya Kenya ya 2010 haikuuachia utata huo nafasi kwa upande wa rais: hudai zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa. Mbunge wa eneo bunge hadaiwi hivyo.

Mfumo uliokiangusha BDP haukuwa mgeni kwake. Mwaka wa 2014 kilipata asilimia 46 ya kura na viti 37 kati ya 57. BCP, kwa asilimia 20 ya kura, kiliambulia viti 3.