Karatasi Inasema Zero, Kifua Kinasema Kingine

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani,

Juzi baba mmoja, fundi wa usine, alipita dispansere kuchukua dawa ya tansio. Katika kusimulia akasema siku hizi akipanda ngazi kifua kinambana, mkono wa kushoto unakuwa mzito. Akisimama kidogo inapita. Nikamwambia alale nimpime. Akacheka, akatoa karatasi mfukoni: "Munganga, watoto walinipimisha moyo Johannesburg kwa skanera. Waliandika zero."

Karatasi ile haikudanganya. Lakini ilijibu swali moja tu: kuna chokaa katika mishipa inayolisha moyo? (Si chokaa ya usine, kama wengine walivyoniuliza. Mwili wenyewe unaiweka.) Munganga Arthur Agatston wa Marekani na wenzake walitoa hesabu hiyo mwaka 1990. Zero ni kwamba chokaa haikuonekana. Kupita 400 ni nyingi sana.

Sasa sikiliza. Ugonjwa unaanza na mafuta laini ndani ya ukuta wa mshipa, na chokaa inakuja nyuma, pengine baada ya miaka mingi. Mafuta hayo laini, picha hiyo haiyaoni. Wewe unayefanya kazi chini unajua: jiwe linaloua si lazima lile kubwa, ni lile lililolegea. Mafuta laini yakipasuka, damu inaganda palepale na mshipa unaziba. Tena hesabu hiyo haionyeshi damu inapita namna gani. Mwenye 500 anaweza kuwa na njia wazi bado, na mwenye zero akawa na mahali pamebana, hasa kijana anayevuta sigara au mgonjwa wa sukari.

Kipimo hiki kinasaidia kwa mtu asiye na maumivu, munganga akisitasita kumwanzisha dawa ya kushusha mafuta ya damu. Mwenye kifua kinachouma anahitaji vipimo vingine.

Baba yule nilimtuma lopitali siku ileile kwa ambulansi. Bado yuko huko. Bibi yake alikuja kuniuliza kama skanera ilikosea, nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Kifua kikikubana, jasho baridi likatoka, pumzi ikawa fupi: acha kazi, mwite mkubwa wa timu, usiendeshe gari. Karatasi utaionyesha baadaye.