Servo mbili mkiani: Namna ya kuzipanga ili ndege ya mfano isipoteze pua

Ndege ya mfano yenye mabawa ya mita mbili, inayoongozwa kwa redio kutoka ardhini, huweza kuwa na uzito wa kilo tano au zaidi na kwenda kasi kama pikipiki iliyo barabara kuu. Katika jiji la Kampala, ambako nyumba zimepanda vilima kuanzia Makindye hadi Naguru, chombo cha namna hiyo kikiponyoka hakiangukii uwanja mtupu. Huangukia bati la mtu, au mtu mwenyewe.

Ndiyo sababu waundaji wa ndege kubwa za mfano huutazama mkia kwanza. Hapo ndipo ilipo elevata, kibao chenye bawaba kilicho nyuma ya bawa dogo la mkiani, ambacho kazi yake ni kuinua na kushusha pua ya ndege. Injini ikizimika, ndege huweza kuteleza hewani hadi chini. Usukani wa mkiani ukikwama, rubani hodari hugeuka kwa kutumia vibao vya mabawa. Lakini elevata ikinyamaza, hakuna kinachobaki cha kuishika pua sawasawa.

Kinachokisukuma kibao hicho ni servo: kisanduku chenye mota ndogo, gia, na kipimo kinachotambua mkono wake umefika wapi. Kipokezi cha redio huipelekea mipigo ya umeme, kwa kawaida mara 50 kwa sekunde. Mpigo wa milisekunde 1.5 huuweka mkono katikati. Ukipungua kuelekea 1 au ukiongezeka kuelekea 2, mkono huenda upande mmoja au mwingine. Jino moja la gia likivunjika, au waya ukichomoka kwa mtetemo, servo hiyo imekwisha kazi.

Dawa yake ni kuigawa elevata nusu mbili zisizounganishwa, ya kushoto na ya kulia, kila moja ikiwa na servo yake. Moja ikifa ikiwa karibu na katikati, iliyo hai hubaki na takriban nusu ya nguvu. Ndege itajipinda kidogo upande mmoja, na rubani atalazimika kuvuta kijiti cha rimoti zaidi ya kawaida, lakini ataifikisha chini. Ikifa huku kibao kimesimama wima, hilo ni jambo jingine. Nusu iliyobaki huenda isitoshe kushindana nayo.

Fikra hii si ya wapenda michezo peke yao. Ndege za CRJ900, ambazo shirika la Uganda Airlines lilianza kuzitumia kwa safari za abiria kutoka Entebbe mnamo Agosti 2019, zina kishikio maalumu katika chumba cha marubani. Mfumo wa elevata ukikwama, kishikio hicho huvutwa ili kutenganisha pande mbili: rubani mmoja hubaki na elevata ya kushoto, mwenzake na ya kulia.

Pande mbili, mwendo mmoja

Ugumu huanza wakati wa kuzifunga. Servo mbili za aina moja zikiwekwa kushoto na kulia hutazamana kama mtu na kioo, hivyo amri ileile huweza kupandisha kibao kimoja na kushusha cha pili. Hapo ndege haiinui pua, hujaribu kubiringika. Waya wa matawi mawili, unaogawa chaneli moja kwa servo mbili, hauondoi tatizo hili isipokuwa servo moja iwe imegeuzwa mwelekeo. Njia iliyo bora ni kuipa kila servo chaneli yake, kisha kuiagiza rimoti iziendeshe pamoja. Rimoti nyingi za siku hizi zina mpangilio huo tayari, na kila upande huweza kurekebishwa peke yake.

Kosa linalowanasa wengi ni kukimbilia tarakimu za rimoti kabla ya kumaliza kazi ya bisibisi. Marekebisho yote ya rimoti yarudishwe sifuri kwanza, umeme uwashwe, na mkono wa kila servo ufungwe ukiwa pembe mraba na ufito unaosukuma kibao. Mafito yafungwe kwenye matundu yaliyo umbali sawa, servo kwa servo na kibao kwa kibao, kisha urefu wake urekebishwe hadi nusu zote mbili zilale sawa na bawa la mkia. Rimoti iachiwe tofauti ndogo tu zinazosalia.

Baada ya hapo hupimwa mwendo, kwa rula au kwa pima pembe, na si mwishoni tu. Vibao viwili huweza kulingana kijiti kikiwa kimevutwa chote, lakini vikaachana kikiwa nusu ya njia, nako ndiko rubani anakokitumia muda mwingi. Servo inayonung'unika kijiti kikifika mwisho inasukuma kitu kisichosogea. Isipopunguziwa mwendo itakula betri na hatimaye kuungua.

Betri yenyewe husahaulika. Servo mbili zinazotegemea betri moja, swichi moja na kipokezi kimoja zina kinga dhidi ya gia iliyovunjika, lakini hazina kinga yoyote dhidi ya swichi mbovu. Afrika Mashariki inaijua gharama ya kasoro ya namna hiyo. Boeing 737 MAX ya Ethiopian Airlines iliyoanguka Machi 10, 2019 ikielekea Nairobi, na kuua watu 157, ilikuwa na vihisi viwili vya pembe ya hewa. Mfumo ulioisukuma pua chini ulikuwa ukisikiliza kimoja tu, nacho kilikuwa kikitoa taarifa za uongo. Kwa ndege ya mfano iliyo nzito, betri mbili na swichi mbili ni gharama ndogo.

Servo za mkiani huongeza pia uzito nyuma, kwa hiyo mizani ya ndege ipimwe upya na pua iongezewe uzito panapohitajika. Kampala ina jambo lake zaidi. Jiji liko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Mombasa. Ndege hutua kwa kasi kubwa zaidi ardhini, na muda wa kusahihisha kosa hupungua.

Mwenye ndege ya aina hii anahitaji kwanza ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda na ya vyombo vya usalama. Njia ya Entebbe si mahali pa kujaribia: ndege ndogo zenye abiria huruka na kutua Kajjansi, na kubwa zaidi hushuka kuelekea ziwani.

Ukaguzi wa mwisho hufanywa na watu wawili kabla ya kila safari. Mmoja hushika rimoti, mwingine husimama nyuma ya mkia. Kijiti kikivutwa, vibao vyote viwili vinapaswa kupanda, kwa wakati mmoja na kwa kimo kimoja. Kimoja kikichelewa, hata kidogo, ndege inarudi nyumbani kwa gari.