Mstari Ubavuni mwa Meli

Mvuvi wa Bukima apakiapo mtumbwi wake mwaloni ili kuvuka kwenda kisiwa cha Rukuba, hutazama jambo moja kabla ya kusukuma chombo majini: maji yamefika ubao wa ngapi. Akiona yamepita ubao aliouzoea, gunia moja la muhogo hurudi nchi kavu, hata mwenye gunia akinung'unika. Mvuvi huyo hana kitabu cha sheria wala cheti. Sheria yake ni macho yake, na kumbukumbu ya jamaa waliokufa maji. Tena kuna sababu kubwa kupita zote: yeye mwenyewe yumo chomboni. Mtumbwi ukizama, azama nao.

Meli kubwa za bahari si hivyo. Mwenye meli yamkini akaa katika mji mmoja wala hajapata kuiona meli yake kwa macho. Nahodha ni mtu wa nchi ya pili, mabaharia ni wa nchi ya tatu, bendera ni ya nchi ya nne, na shehena ni mali ya watu wa nchi ya tano. Mzigo ukizidi, faida ni ya mwenye meli. Meli ikizama, anywaye maji ni baharia. Basi ni nani awezaye kumwambia tajiri huyo, "Gunia hili lirudi nchi kavu"? Sheria nyingi za usalama wa meli ulimwenguni zilitokana na swali hilo, na hata leo halijapata jibu lililo timilifu.

Katika karne ya 19, nchi ya Uingereza ilikuwa na merikebu nyingi kuliko nchi yoyote. Baadhi yake zilikuwa kuukuu, mbao zimeoza, na juu ya hayo zilipakizwa makaa ya mawe na nafaka hata sitaha ikakaribia kulingana na maji. Wenyewe walizikatia bima kwa fedha nyingi kuliko thamani yake. Merikebu ikifika salama, tajiri alipata nauli ya shehena. Isipofika, alipata fedha za bima. Mabaharia waliziita merikebu hizo majeneza. Walakini baharia aliyekwisha kutia sahihi mkataba, kisha akaiona merikebu na kukataa kupanda, aliweza kupelekwa gerezani. Wengi walipelekwa.

Alikuwako mtu mmoja jina lake Samuel Plimsoll, mfanya biashara ya makaa, ambaye mwaka 1868 alichaguliwa na watu wa mji wa Derby kuingia Bungeni. Mwaka 1873 alitoa kitabu kueleza mateso ya mabaharia, na Waingereza waliokisoma wakaona haya. Serikali ikaleta mswada wa sheria. Lakini katika Bunge walikuwamo wenye meli na rafiki zao, na mswada ukawekwa kando. Siku ile ya tarehe 22 Julai 1875 Plimsoll alisimama katikati ya Bunge, akakunja ngumi, akawaita wenziwe waovu. Ilimpasa baadaye kuomba radhi kwa maneno yale. Lakini huko nje watu walikuwa upande wake, na mwaka 1876 sheria ikapita: kila meli ya Uingereza ichorwe alama ubavuni, na maji yasipite alama hiyo.

Hapa pana neno la kuchekesha na kuhuzunisha pamoja. Sheria ya 1876 iliamuru alama ichorwe, lakini ilimwachia mwenye meli achague mahali pa kuichora! Husimuliwa ya kuwa nahodha mmoja aliichora juu ya bomba la moshi. Huenda ni hadithi tu, lakini yaonyesha vema udhaifu wa sheria ile. Ilipita miaka 14, hata mwaka 1890, ndipo serikali ikachukua kazi ya kupima na kuonyesha mahali penyewe. Mwaka 1930 mataifa mengi yalikutana London yakapatana juu ya alama moja kwa meli zao zote, na mapatano hayo yalitengenezwa upya mwaka 1966.

Alama yenyewe ni duara lililokatwa katikati na mstari, na kando yake kuna mistari mifupi yenye herufi, mmoja juu ya mwingine. Mtu aweza kuuliza, kwa nini haukutosha mstari mmoja? Twaa yai bichi, ulitie katika bilauri ya maji ya ziwa. Litazama. Kisha tia chumvi nyingi, ukoroge polepole. Yai litapanda juu na kuelea. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji matamu, na kwa hiyo hubeba zaidi. Lita moja ya maji ya Ziwa Victoria ina uzito wa kilo moja. Lita moja ya maji ya bahari huzidi hapo kwa gramu 25 hivi. Meli ile ile, kwa mzigo ule ule, huzama zaidi kidogo ikiwa katika mto au ziwa kuliko ikiwa baharini. Ndiyo sababu mstari wenye herufi F, wa maji matamu, uko juu ya mstari wa S, wa bahari wakati wa kiangazi cha Ulaya. Mstari wa W ni wa majira ya baridi, nao uko chini zaidi, maana wakati huo dhoruba ni nyingi na meli hupaswa kuchukua mzigo haba. Mstari wa chini kabisa ni wa bahari ya Atlantiki ya Kaskazini wakati wa baridi. Mabaharia waijua bahari ile, wala hawashangai.

Mstari wa mzigo ulikuwa mwanzo tu. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 meli Titanic iligonga mlima wa barafu katika bahari hiyo hiyo. Ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 2,200, na mashua za kuokolea zilitosha watu 1,178. Hakuna sheria iliyovunjwa katika hesabu hiyo ya mashua! Kanuni za wakati ule zilihesabu mashua kwa ukubwa wa meli, si kwa idadi ya watu, nazo ziliandikwa kabla meli kubwa kama ile hazijaundwa. Watu zaidi ya 1,500 wakafa. Mwaka 1914 mataifa yakakutana London na kuandika mapatano ya kuokoa maisha baharini, ambayo yametengenezwa upya mara kadha wa kadha. Yale ya mwaka 1974, pamoja na nyongeza zake, ndiyo yafuatwayo mpaka leo. Mwangalizi wa mapatano hayo ni Shirika la Kimataifa la Bahari, lililo chini ya Umoja wa Mataifa, makao yake London.

Mapatano hayo yaliandikwa kwa ajili ya meli za bahari zivukazo kutoka nchi moja kwenda nchi nyingine. Ziwa Victoria lina mataifa matatu pwani mwake, nalo ni pana kiasi cha mtu kutoona ng'ambo. Lakini usalama wa chombo kitokacho mwalo mmoja wa Tanzania kwenda mwalo mwingine wa Tanzania ni shauri la sheria za nchi yenyewe. Meli za chuma si ngeni katika maji haya. Ile iitwayo William Mackinnon ililetwa kutoka Uingereza vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu, ikashushwa majini mwaka 1900. Na misiba si migeni pia.

Tarehe 21 Mei 1996 meli Bukoba, ikitoka mji wa Bukoba kwenda Mwanza, ilipinduka asubuhi ikiwa imekaribia mwisho wa safari. Ilikuwa imeruhusiwa kuchukua abiria 430. Abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa majina, na kwa hiyo hesabu ya waliopotea haikuweza kujulikana hasa. Itajwayo mara nyingi ni zaidi ya 800. Baada ya kupinduka meli ilielea tumbo juu kwa muda, na watu waliokuwa ndani walisikika wakigonga. Waokoaji wakatoboa chuma ili wawatoe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka kwa tundu lile, nayo ikazama. Wale waliotoboa walikuwa wakitafuta kuokoa. Walilokosa ni maarifa na vyombo vya kazi hiyo.

Miaka 22 baadaye, Alhamisi tarehe 20 Septemba 2018, kivuko Nyerere kilitoka Bugolora katika kisiwa cha Ukerewe kwenda Bwisya katika kisiwa cha Ukara, upande wa magharibi wa Majita. Ilikuwa siku ya gulio. Kivuko kile kilipimwa kuchukua watu 101. Kilipinduka karibu na gati ya Bwisya, hata watu wa nchi kavu wakaona. Waliookolewa ni 41, na waliokufa ni zaidi ya 220. Fundi mmoja wa mitambo alikutwa hai siku ya tatu, katika mahali pembamba palipobakia hewa.

Atakayejumlisha hesabu hizo ataona kwamba watu walioingia ni zaidi ya mara mbili ya waliopimwa. Kipimo kilikuwako. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama pale gatini na kusema, "Wa 102 angoje safari ya pili," na kuwa na mamlaka ya kusikiwa, hata kama huyo wa 102 ana mzigo wa gulio kichwani na jua linakuchwa. Kazi ya kukagua vyombo vya majini Tanzania bara, tangu mwaka 2018, imewekwa mikononi mwa Shirika la Uwakala wa Meli, liitwalo TASAC. Ziwa lina mialo mingi sana, na mkaguzi hawezi kuwa katika kila mmoja.

Baharini tabu ni ya namna nyingine. Maji ya katikati ya bahari hayana mwenyewe, na kwa hiyo meli iliyoko huko hufuata sheria za nchi ambayo bendera yake hupepea juu yake. Hapo matajiri waliona mlango. Maadam sheria hufuata bendera, na bendera hupatikana kwa kujiandikisha na kulipa ada, kwa nini wasichague bendera yenye ada ndogo na ukaguzi mwepesi? Leo daftari kubwa kuliko zote kwa jumla ya tani za meli ni za Liberia, Panama na Visiwa vya Marshall, ingawa matajiri wa meli hizo aghalabu ni wa nchi nyingine. Si haki kusema kwamba kila meli ya bendera hizo ni mbovu. Nyingi ni nzuri sana. Lakini njia iliyo wazi kwa mwema iko wazi kwa mwovu pia.

Tanzania yenyewe imepata kuonja uchungu wa jambo hili. Mwaka 2012 ilifahamika ya kuwa meli 36 za mafuta za Iran, ambayo wakati ule ilikuwa imewekewa vikwazo na mataifa, zimeandikishwa chini ya bendera ya Tanzania na wakala aliyekuwa Dubai akifanya kazi kwa niaba ya Zanzibar. Zikafutwa. Tena, mwanzo wa mwaka 2018, serikali ilieleza kwamba meli zenye bendera hiyo zimekamatwa mbali, moja ikiwa na dawa za kulevya na nyingine vitu vya kulipua. Rais John Magufuli akaamuru uandikishaji wa meli za kigeni usimame, na meli zaidi ya 400 zilizokwisha kuandikwa zichunguzwe. Watu wa Musoma na Bunda hawakupata kuziona meli hizo. Lakini jina lililoandikwa tezini mwake lilikuwa la nchi yao.

Dawa iliyopatikana ni kuipa nguvu bandari. Meli hukimbia sheria ya bendera, lakini haiwezi kukimbia gati. Itakuja tu kupakua. Nchi za pwani ya Bahari ya Hindi, Tanzania na Kenya zikiwamo, zina mapatano ya mwaka 1998 ya kukagua meli za kigeni ziingiazo na kupashana habari. Mkaguzi wa Dar es Salaam au Mombasa hupanda, huuliza vyeti, hutazama mashua za kuokolea na mstari wa ubavuni, na akiona hatari aweza kuizuia meli isiondoke, bendera iwayo yote.

Sasa yaja mambo ambayo Plimsoll hakuyaota. Zaidi ya sehemu 80 katika kila mia ya shehena ya biashara ya mataifa huchukuliwa kwa meli, na moshi wake ni kama sehemu 3 katika mia ya hewa ziongezazo joto la dunia. Tangu tarehe 1 Januari 2020 kiasi cha kiberiti katika mafuta ya meli kimepunguzwa kutoka 3.5 hadi 0.5 katika mia, na mwaka 2023 mataifa yaliahidiana kukomesha hewa hizo kufikia mwaka 2050 au karibu na hapo. Huko Norway meli Yara Birkeland huenda kwa umeme, nayo iliundwa ili siku moja isafiri pasipo mabaharia. Wanasheria wameanza kuulizana ni nani atakayeitwa nahodha wa meli isiyo na mtu, naye akae wapi.

Mafuta safi ni ghali. Gharama hiyo itaingia katika nauli, na nauli katika bei ya ngano ishukayo Dar es Salaam, na ya pamba ya Mara ipakiwayo pale kwenda ng'ambo. Mwezi wa Oktoba 2025 mataifa yalikutana London ili kuthibitisha kanuni ya kutoza meli fedha kwa moshi wake. Wengine walitaka ithibitishwe mara moja. Wengine, mataifa makubwa yakiwamo, walikataa kabisa. Na baada ya mabishano ya siku nyingi shauri likaahirishwa kwa mwaka mmoja.