Nyumbani Nako ni Lindoni

Wakazi wa mwambao wa Kismayu na wa Visiwa vya Bajuni, kuanzia Koyama na Chovai hata Chula, hawahitaji kufundishwa maana ya kungoja. Kila mwaka, kusi linapovuma kwa nguvu kati ya Juni na Agosti, bahari huchafuka na vyombo vidogo hupandishwa pwani. Lakini mvuvi aliyebaki nyumbani hakai bure. Hutengeneza nyavu, husuka madema, hukalafati mashua yake. Hakati tamaa, maana ajua kwamba kusi lina mwisho wake.

Tunayakumbuka hayo kila tunapoutafakari mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Somalia alithibitishwa tarehe 16 Machi. Safari za ndege za nje zikasimamishwa, shule zikafungwa, na wananchi wakahimizwa kukaa majumbani. Je, mtu ambaye riziki yake ni ya kila siku atapata wapi matumaini nyuma ya mlango uliofungwa? Swali hilo ni la haki, na hatutalijibu kwa maneno matamu.

Jibu limo katika mwambao huu huu, katika mji wa Marka, kaskazini ya Kismayu. Mwezi Oktoba 1977, Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23 aliyekuwa mpishi wa hospitali mjini humo, alipanda gari lililowachukua watoto wawili wenye ndui ili amwonyeshe dereva njia. Safari ilikuwa ya dakika chache tu. Maalin hakuwa na kinga, kwa kuwa alikuwa ameiogopa sindano ya chanjo. Alipoanza kuugua, alidhaniwa ana malaria, kisha tetekuwanga. Yeye mwenyewe alishuku kwamba ni ndui, lakini kwa hofu ya kutengwa alinyamaza, huku marafiki wakija kumjulia hali. Mwuguzi mwenzake ndiye aliyetoa habari.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Watu 161 waliokutana naye walitafutwa na kuangaliwa kwa majuma kadhaa. Hospitali ilifungwa kwa wagonjwa wapya, vizuizi vikawekwa njiani, na zaidi ya watu 50,000 wakachanjwa katika muda wa majuma mawili. Hakuna hata mmoja katika wale 161 aliyeambukizwa. Maalin akapona, naye akawa mtu wa mwisho duniani kuupata ugonjwa huo kwa njia ya maumbile. Tarehe 8 Mei 1980 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulitangaza kwamba ndui imetokomezwa. Maambukizi ya kimaumbile ya maradhi yaliyoua watu kwa karne nyingi yalikomea Marka, kwa sababu watu walichanjwa na wakakubali kutengana kwa muda.

Jeshini tunafundishwa kwamba askari aliye lindoni, hata asipofyatua risasi usiku kucha, amefanya kazi. Aliyekaa nyumbani wakati wa maradhi naye yuko lindoni. Lakini lindo lina masharti yake: mgonjwa asifiche ugonjwa wake, na jirani mwenye chakula asimsahau mwenye njaa. Kumwambia mvuvi akae nyumbani pasipo kumfikiria mtoto wake atakula nini ni kumwacha mlinzi bila maji.

Chanjo za kwanza za Korona ziliwasili Somalia mwezi Machi 2021, na tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya dharura. Kusi hilo nalo likatulia.

Maalin hakuishi kuyaona hayo. Miaka ya baadaye alijitolea katika kampeni ya kupambana na polio, akiwasimulia wazazi kosa lake ili wao wasiikimbie chanjo. Alifariki kwa malaria mwezi Julai 2013, akiwa bado katika kazi hiyo. Aliyekuwa ameiogopa sindano alikufa akiwa mtetezi wake. Hatujui mfano bora zaidi wa matumaini.