Je, Wajua? Vidonge vya vitamini havikuokoa mishipa ya wenye kisukari

Sukari inapokaa juu kwenye damu, utando wa ndani wa mishipa huzalisha chembe haribifu kupita kiasi. Chembe hizo huimaliza naitriki oksaidi, gesi inayoilegeza mishipa ili damu ipite kwa urahisi. Mishipa hukakamaa, na macho, figo na moyo huanza kuumia.

Kwa kuwa vitamini C na E huzizima chembe hizo katika maabara, wengi waliamini kuwa vidonge vyake vingekuwa kinga. Utafiti mkubwa uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2002 uliipima imani hiyo kwa watu 20,536, karibu 6,000 kati yao wakiwa na kisukari. Kwa miaka 5, nusu ya washiriki wote walimeza kila siku miligramu 600 za vitamini E, 250 za vitamini C na 20 za beta-karotini. Vitamini ziliongezeka kwelikweli katika damu yao, lakini mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua. Katika utafiti huohuo, simvastatini, dawa ya kushusha lehemu, ilivipunguza kwa takribani robo.

Basi fedha ya vidonge vya vitamini nunulia mchicha, na dawa ulizoandikiwa na daktari usiziache.